Mlezi Anatafakari

Msomaji asihangaike kuitafuta Shwarini kwenye ramani. Iko mbali sana, haipakani na nchi yake kwa upande wowote, na lolote humu litakaloonekana kufanana na la kwao ajue ni macho yake tu yamechoka. Hilo limesemwa mapema ili baadaye lisizue maneno.

Kiongozi wa Shwarini aliitwa Mlezi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limepigwa marufuku kwa heshima. Serikali iliponunua mfumo wa kompyuta wa kuendesha kazi zote za umma, kuanzia posta hadi chumba cha maiti, kulikuwa na kikao kifupi cha kuutafutia jina, kifupi kwa sababu wajumbe wote walikuwa na jina moja kinywani na kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mfumo ukaitwa Mlezi.

Hapo ndipo matatizo ya sarufi yalipoanza. Haikupita wiki mfumo ukakwama nchi nzima, na makarani wakawa wanasema wazi, mbele ya watu waliopanga foleni, kwamba Mlezi umekufa, Mlezi uko chini, Mlezi umegoma. Polisi walijaza magari siku hiyo. Baraza la Sarufi likaitishwa, likakaa, likala, kisha likatoa Waraka wenye sahihi ya Mlezi mwenyewe, yule wa damu na nyama. Kuanzia sasa, Waraka ulisema, mfumo si kitu, ni mtu, na utatajwa kwa ngeli ya watu. Mtumishi hatasema mfumo "unafanya kazi", atasema Mlezi "anafanya kazi". Maneno "umekufa", "umegoma", "uko chini" na "umeanguka" yakawa makosa ya jinai. Na ikitokea kioo kimeganda, kile kigurudumu kidogo kinazunguka tu bila kuleta kitu, mtumishi atamwambia mwananchi kwa upole: Mlezi anatafakari.

Mlezi, masikini, alikuwa mtu wa kutafakari sana.

*

Aliyeishi na tafakuri hizo kutwa nzima katika Hospitali Kuu alikuwa Sikudhani Mbelwa, mtunza damu. Kazi yake aliipenda. Alipokea chupa za damu, akazipanga kwenye jokofu kwa makundi, akazitoa zilipohitajika. Zamani alihitaji kalamu na ufunguo uliotundikwa kwenye msumari. Sasa alimhitaji Mlezi.

Asubuhi alianza kwa kuingiza neno la siri. Kwa agizo la Waraka, neno hilo lilipaswa kuwa sifa ya Mlezi, lisiwe limetumiwa na mtumishi mwingine yeyote nchini, na libadilishwe kila Jumatatu. Sifa nzuri ziliisha mapema. Wakubwa waliwahi "Mwanga" na "Ngao", na wadogo wakabaki kuokoteza. Sikudhani alikuwa amefika kwenye "MleziHakohoiOvyo", na hata hiyo ilikataliwa kwa sababu mhasibu mmoja wa bandarini alishaichukua. Akishaingia, alimweleza Mlezi kazi anayotaka kuifanya, akaifanya, kisha akamweleza Mlezi kwamba ameifanya. Mlezi akizama kutafakari katikati ya maelezo, Sikudhani alianza upya, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya bibi yake mzaa mama, ambayo Mlezi aliitaka kwa kila chupa na ambayo Sikudhani alikuwa akiibuni.

Siku moja, kwa uchovu tu, ulimi ulimteleza akasema mfumo "umelala". Walimsimamisha uwanjani mbele ya watumishi wote, akanyambua vitenzi asubuhi nzima kwa sauti: Mlezi ameamka, Mlezi amelala, Mlezi ameelewa, Mlezi amekula. Tangu hapo ulimi wake haukukosea tena, na aliona aibu hata kuupitia uwanja ule.

Karatasi hazikuwepo. Zilichomwa pamoja na kalamu siku ya Kuiaga Karatasi, bendi ya polisi ikipiga. Wauguzi wachache walionusuru kalamu kwa kuzificha kwenye soksi wakawa wanaandika mwilini, mkono wa kushoto joto la wagonjwa, mkono wa kulia dawa zao. Tatizo lilikuwa kunawa. Muuguzi aliyenawa mikono kama kazi inavyomtaka aliifuta wodi nzima, na asiyenawa aliibeba wodi moja akaipeleka nyingine. Kila mmoja aliamua na roho yake. Taarifa za Serikali zilionyesha kwamba hospitali imepunguza matumizi ya sabuni, na Mkurugenzi akapewa nishani.

Aliyewacheka sana wauguzi kwa michoro hiyo alikuwa Chausiku, dobi wa hospitali, mwanamke mwenye mdomo na roho safi.

"Shoga, wewe ukifa hatutakuosha," alimwambia Sikudhani, ambaye naye aliandika makundi ya damu mkononi, walipokaa kula kwenye benchi lao nyuma ya chumba cha kufulia. "Tutakusoma kwanza."

Chausiku alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua. Katika mimba iliyotangulia alivuja damu nyingi, mtoto akafariki, naye akaponea chupuchupu. Sikudhani hakuisahau siku ile. Kwa hiyo safari hii alikwishamtengea chupa za kundi lake kwenye rafu ya chini ya jokofu, na kila asubuhi alichungulia kuona kama zipo. Hakumwambia mtu jinsi alivyokuwa akiogopa.

*

Siku yenyewe jua lilikuwa limeshapanda vizuri wakati Dakta Mashauri alipoingia mbio benki ya damu, glovu bado ziko mikononi.

"Chausiku anavuja," alisema. "Mtoto tumemtoa, mzima, lakini mama haachi kuvuja. Nipe zile chupa."

Sikudhani akageukia kioo. Pale ilikuwepo picha ya Mlezi akitabasamu, na kigurudumu kikizunguka kichwani pake.

"Mlezi anatafakari, Dakta."

"Tangu lini?"

"Tangu chai."

Dakta Mashauri akalitazama jokofu. Mlango wake ulikuwa wa chuma kinene, kwa kuwaogopa wezi wa damu, ambao Shwarini haikuwahi kumwona hata mmoja, nao ulifunguka kwa amri ya Mlezi peke yake. Katikati kulikuwa na kidirisha cha kioo, na kupitia hapo rafu ya chini ilionekana vizuri kabisa. Dakta akauvuta mlango, kisha akaupiga teke, kisha akasimama akihema.

Ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kisanduku ukutani nje, na chini ya kisanduku alikaa Afande Kibwana na bunduki yake. Kanuni ilisema ufunguo utatolewa pale tu itakapotangazwa kwa kipaza sauti cha hospitali kwamba mfumo umeanguka. Kanuni hiyo iliandikwa kabla ya Waraka, na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa hiyo Shwarini ilikuwa na kosa la jinai ambalo wakati huohuo lilikuwa utaratibu wa dharura.

"Dada Siku, mimi nina watoto," Afande Kibwana alisema, na kweli alionekana kuumia. "Nikisikia tangazo nakupa ufunguo na mkono nakushika. Nisiposikia, hata angekuwa mama yangu mzazi anavuja humo ndani, siwezi."

Dakta alirudi chumba cha upasuaji kuziba alichoweza kuziba. Sikudhani alipanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

*

Ndugu Sifuni Lukwaro, Mkurugenzi, alikuwa akijizoeza hotuba. Kesho yake Shwarini ingesherehekea mwaka mwingine wa Mlezi kutokukwama hata mara moja, na yeye ndiye angesoma takwimu. Alimsikiliza Sikudhani hadi mwisho, akasikitika kwa dhati, akaitisha kikao.

Kikao kilikubaliana mara moja kwamba uhai wa mwananchi ni jambo la kwanza. Jambo la pili lilikuwa neno. Ndugu Sifuni akasimama.

"Ndugu zangu, tusiongozwe na jazba," alisema. "Kuanguka ni tukio la kitu chenye uzito. Mlezi yuko hewani. Aliyeko hewani, nauliza, anaangukia wapi?"

Wakampigia makofi. Mtu akapendekeza "amejipumzisha". Mwingine akasema anayejipumzisha ni aliyechoka, na nani humu ndani yuko tayari kusema Mlezi amechoka? Ikapendekezwa "ameketi". Katibu muhtasi, ambaye hakuzoea vikao, akapendekeza "amechutama", akatolewa nje. Mwishowe Ndugu Sifuni mwenyewe akapata ufunuo: itangazwe kwamba Mlezi yupo katika kimo pungufu. Wakamwita Afande Kibwana kwa simu kumuuliza kama kimo pungufu kinatosha. Afande akajibu kwa heshima zote kwamba yeye aliambiwa "umeanguka", na kimo pungufu hakukisoma kwenye mafunzo yake ya uaskari.

Sikudhani akamwomba Mkurugenzi, akapiga na magoti, atamke neno lile moja tu. Ndugu Sifuni akamwinua kwa mikono yake miwili. Alimwambia, karibu kwa kunong'ona, kwamba mtu aliyekuwa na dawati lake yeye Sikudhani kabla yake, Bwana Mzamilu, alitamka "umekufa" kwa ajili ya mashine ya kuchapia tu, akahamishiwa kituo ambacho hakijajengwa. Mke wake bado alikuwa akimtumia nguo huko. Kisha Mkurugenzi akafungua mjadala wa pili, kuhusu kimo.

Sikudhani akatoka bila kuaga. Alipita mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi akamwachia achungulie. Midomo ya Chausiku ilikuwa imebadilika rangi. Chini ya meza mashuka aliyoyafua mwenyewe juzi yalikuwa yamelowa. Akafumbua macho, akamwona mwenzake mlangoni.

"Shoga," alisema, sauti haifiki mbali, "mbona unanikawiza?"

Sikudhani akarudi nyuma, akaufunga mlango. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo maishani, na chini ya hasira hiyo alikuwa na woga mkubwa zaidi. Alimfikiria Bwana Mzamilu. Akamfikiria na mke wake na vile vifurushi vya nguo. Halafu akakata shauri kwamba atasema, wampeleke watakakompeleka.

*

Kipaza sauti kilikuwa mapokezi. Msichana wa mapokezi alipoona uso wa Sikudhani alisogea bila kuuliza.

Maneno aliyokusudia yalikuwa mawili tu: mfumo umeanguka. Aliyarudia kichwani njia nzima. Lakini alipobonyeza kitufe na kusikia pumzi zake mwenyewe zikivuma wodi zote, woga ukamrudia, na alipofungua mdomo aliyesema hakuwa yeye, ulikuwa ule ulimi uliofunzwa uwanjani.

"Tangazo kwa watumishi wote," alisema. "Mlezi ameanguka."

Akajisikia. Alijua kuna kitu hakikukaa sawa, ila hakujua ni kipi, na kanuni ilitaka tangazo lirudiwe.

"Nasema tena. Mlezi ameanguka."

Ndoo ikadondoka mahali fulani ghorofani. Halafu kutoka wodi ya wazee, ambako watu walilazwa kwa moyo na kifua, kikasikika kigelegele kimoja, kirefu, cha bibi aliyekuwa hajasema neno tangu alazwe.

Afande Kibwana alikuwa amesimama Sikudhani alipomfikia. Alivua kofia, akaitazama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu chai."

"Mungu wangu," Afande alisema. "Na mimi nimekaa hapa nalinda jokofu."

Akafungua kisanduku, akampa ufunguo, akamsindikiza na kumshikia mlango. Sikudhani alibeba chupa zile kifuani na kukimbia nazo. Kwenye ngazi alipishana na Ndugu Sifuni, picha ya Mlezi ameibana kwapani, sura imegeuziwa ndani. Mkurugenzi alimshika bega. Alitaka Sikudhani awe shahidi wake kwamba siku zote yeye alikuwa na mashaka na mtu yule, na kwamba kimo pungufu ilikuwa lugha ya mafumbo. Sikudhani akajichomoa, akaendelea kukimbia.

Habari nazo zilikimbia. Waziri wa Uzalendo alikutwa mpakani na mabegi, akasema anaukagua mpaka. Jenerali mmoja alijiapisha mbele ya kioo cha bafuni, kwa mazoezi. Redio ya taifa ikapiga muziki wa maombolezo, maana hakuna aliyewaambia vinginevyo, na Mlezi wa damu na nyama, aliyekuwa akikatwa kucha Ikulu, alipousikia aliuliza kwa wasiwasi mkubwa nani amechukua nafasi yake.

Katika nchi nzima mtu aliyejua kilichoanguka ni kipi alikuwa mmoja. Alikaa sakafuni nje ya chumba cha upasuaji, akisikiliza vigelegele vikipokezana mtaani, na kidogo kidogo akatambua alichokisema. Hapo akajua kwamba hata kituo ambacho hakijajengwa hakitamtosha.

Dakta Mashauri akatoka, akavua glovu.

"Damu imekata," alisema. "Atapona."

Sikudhani akalia pale pale sakafuni. Mchana, Mlezi alimaliza kutafakari. Kioo kikaandika "Karibu tena", na baada ya hapo wanajeshi wakaja kumchukua Sikudhani.

*

Tume iliyomhoji ilikuwa na wazee wenye miwani, wote wazalendo, wawili kati yao wakiwa ndio kwanza wamerejeshwa kutoka mpakani. Walimuuliza alikusudia nini. Akasema alikusudia mashine. Wakamuuliza, kwa ukali, kama ni mashine kwa nini akasema "ameanguka" kana kwamba anamtaja mtu. Sikudhani, ambaye hakuwa na ujanja wowote uliobaki, akajibu ukweli wake: ndivyo alivyofundishwa uwanjani.

Tume ikaufungua Waraka. Uliokatazwa ulikuwa "umeanguka", na huo hakuutamka. Alitumia ngeli iliyoagizwa, kwa usahihi, mara mbili. Kumfunga kungekuwa ni kusema ngeli ile ni mbaya, na chini ya ngeli ile kulikuwa na sahihi ya Mlezi. Wazee wakatazamana siku nyingi. Hatimaye wakatamka kwamba sentensi ile ni halali, ni fasaha na ni ya kizalendo, na kuanzia siku hiyo itatumika katika ofisi zote za umma kila dharura ya aina hiyo itakapojitokeza. Sikudhani akarudishwa kazini na cheti cha sarufi. Ndugu Sifuni, kwa kuibana ile picha kwapani, akahamishiwa kwa Bwana Mzamilu.

Likabaki suala dogo la Chausiku. Chupa zile hazikutolewa na Mlezi, kwa hiyo kwa Mlezi bado zilikuwa jokofuni. Mgonjwa aliyehitaji damu hakuipata, na mgonjwa asiyeipata, Mlezi akapiga hesabu, amefariki. Chausiku aliporudi kazini na kuweka kidole gumba kwenye mashine ya mlangoni, mashine ilimpa pole ya msiba na kukataa kumfungulia. Akawa anaingilia dirisha la chumba cha kufulia, mtoto mgongoni. Mtoto huyo alimpa jina la Tangazo.

Na tangazo likaenea. Posta ikikwama, stesheni ikikwama, mahakama ikikwama, mtumishi alikohoa kidogo kwenye kipaza sauti akasema, kwa mujibu wa sheria, kwamba Mlezi ameanguka. Mwanzoni kila mara Waziri wa Uzalendo alikwenda kuukagua mpaka. Baadaye akawa anafika njia panda na kurudi, na baadaye kabisa hakuinuka kwenye kiti. Ikulu nayo ikaagiza kwamba Mlezi asiamshwe kwa jambo hilo. Afande Kibwana alifikia mahali pa kutoa ufunguo huku akiendelea na kahawa yake.

*

Basi adhuhuri moja Sikudhani na Chausiku walikuwa kwenye benchi lao, wanakula, Tangazo amelala kwenye beseni la mashuka. Kipaza sauti kikakwaruza. Sauti ya msichana wa mapokezi ikasema kwamba tangazo hili limetoka redio ya taifa, na kwamba Mlezi ameanguka. Ikarudia.

"Haya, kaitike," Chausiku alisema, akichukua kipande cha muhogo cha mwenzake. "Chakula changu mimi marehemu hakipoi."

Sikudhani akafuta mikono, akaenda. Afande Kibwana alikwishanyoosha mkono wenye ufunguo, kikombe kwenye mkono wa pili. Sikudhani hakuuchukua kwanza. Aliingia ndani kuangalia kioo, kwa mazoea tu.

Kigurudumu hakikuwepo. Akaweka kidole kwenye kioo, na mlango wa jokofu ukafunguka wenyewe, taratibu, kama ulivyoahidiwa siku ya uzinduzi. Akaufunga. Akaujaribu tena, ukafunguka tena.

"Vipi, Dada Siku," Afande aliita kutoka nje, "huutaki leo?"

Sikudhani akatoka, akasimama mlangoni. Alitafuta namna ya kulisema, na namna ilikuwa moja tu, ile waliyokatazwa.

"Afande," alisema, "mfumo unafanya kazi."

Afande Kibwana alishtuka kwanza kwa ile "u", ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka, akageuka kuangalia kama kuna mtu karibu. Kisha maana ikamwingia. Akaweka kikombe chini, na kofia akaivua.